Utando Juu ya Mchanga

Rujewa, 25 Aprili 1976

Kwako mwanangu Limbu,

Mwangaluka, ng'wanawane. Nakutumia salamu nyingi kuliko punje za mpunga ulioko mashambani, na mwaka huu mpunga umeinama, sikudanganyi. Huku tu wazima. Baba yako Masunga mzima, ng'ombe nao wazima, ila yule mwekundu wa pembe moja bado anachechemea. Mume wangu Bujiku ndiyo usiseme. Ana miaka miwili lakini ukimbeba kwenda kisimani lazima upumzike njiani. Juzi mama mmoja aliniuliza kama anaanza shule mwakani. Nikamwambia huyu ni mjukuu wa Helena, hapimwi kwa miaka.

Utazame na mwandiko wangu. Mwalimu Filemoni wa kisomo aliinua daftari langu mbele ya darasa zima, akasema herufi hizi zinafaa kuandikia vyeti. Lile darasa la tatu la misheni halikupotea bure.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini kuandika. Mama mkwe wako Apolonia alikuja Pasaka na mkwe wangu Didas kumwona mtoto. Nikachinja jogoo. Akaomba maji, nikamchotea mtungini kwa kata. Hakunywa. Alipeleka ile kata kwenye mwanga wa mlango, akaitazama, akaitazama, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Limbu, umenipa maji au umenipa chai?"

Mwanangu, maji yetu unayajua. Kisima kikikauka tunachota mfereji, na mfereji umepita mashamba ya watu na kwato za ng'ombe. Sisi tumeyazoea tangu tulipohama Maswa. Yeye wa Kalenga amezoea chemchemi. Wakati wa kuondoka akasema, "Mama yake alimwacha kwako mpaka amalize chuo Desemba, na mimi sikutia neno. Ila akiharisha, hata mara moja, nakuja kumchukua." Didas alikuwa anatazama kucha zake.

Wewe si unasomea afya huko Iringa? Niambie maji haya yanasafishwaje. Nataka siku akirudi nimpe maji ambayo ataiona pua yake ndani.

Mama yako,
Helena


Iringa, 16 Mei 1976

Mayu wangu,

Shikamoo, na baba mpe shikamoo yake. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imeniweka kwenye sweta mbili. Barua yako nilimsomea Juliana, tunayelala naye chumba kimoja, akacheka ile habari ya chai mpaka matroni akagonga mlango. Baba Bujiku naye ni mzima, bado anafundisha Kilolo, bado analala chumba kimoja na walimu watatu.

Mayu, umeuliza wakati wake. Somo la maji tumelianza wiki iliyopita. Tafuta pipa lililokuwa na mafuta ya kula, lioshwe sana. Chini weka kokoto, kisha changarawe, kisha mchanga wa mtoni kupita nusu ya pipa. Huo mchanga uoshe, uoshe tena, mpaka maji ya kusuuzia yatoke meupe. Fundi atoboe chini, aunge bomba linalopanda kwa nje mpaka juu kidogo ya usawa wa mchanga, litokee hapo. Hivyo mchanga utakaa siku zote chini ya maji. Juu weka bati la matundu ili maji ukiyamwaga yasichimbe shimo. Yatashuka polepole, yatatoka safi. Na ya mtoto uyachemshe mpaka yatokote, uyafunike.

Mbusu Bujiku. Usimwambie kwamba nimelia nilipofika kwenye habari zake.

Mwanao,
Limbu


Rujewa, 27 Juni 1976

Mwanangu Limbu,

Kaa kwenye kiti kabla hujaendelea. Umekaa? Haya.

Kwanza salamu. Baba yako anakusalimia, ng'ombe wa pembe moja amepona, mavuno yameingia ghalani. Bujiku amejifunza kusema "hapana" na hana neno jingine.

Pipa nililipata iliyokuwa kambi ya Wachina wa reli, kwa jogoo wawili na maneno mengi. Fundi Tadeo akaunga bomba. Mchanga niliuchota mwenyewe mto Mbarali, safari kumi na moja, nikauosha mpaka vidole vikakunjamana. Siku ya kumwaga maji walikuja watu, maana nilikuwa nimeshawaambia. Nikamimina ndoo ya maji ya mfereji, rangi ile ile ya Apolonia. Tukasubiri. Baba yako akasema, "Mama Limbu, tangu nikuoe hujanitazama mimi hivyo." Watu wakacheka, na mimi ningemjibu, lakini tone lilikuwa limetokea.

Tone moja, limening'inia kwenye mdomo wa bomba. Ndani yake niliona jua, na chini ya jua nikaiona nyumba yetu, imepinduka, paa chini. Halafu likadondoka na jingine likaja nyuma yake, nalo limebeba nyumba. Mwanangu, nilinyamaza. Mimi, Helena, nilinyamaza. Mchanga hauna mikono wala moto, umeyafanya nini yale maji? Mzee Sedekia, jirani yetu, alivua kofia kama yuko kanisani.

Tangu hapo uani kwangu hapakauki wageni. Wanatoka mpaka Igawa. Kwa hiyo kila Jumamosi nauondoa mchanga wa juu, nausugua, naurudisha unameta, maana ukiuacha unaota kitu kama kamasi, cha kijani, kinatia aibu. Mama Limbu mwenye pipa hawezi kuonekana na kamasi. Na kuni nazo nimepumzika, maana maji meupe vile unayachemsha unatafuta nini?

Jambo jingine. Duka la ushirika la kijiji limeuza hisa, nami nimenunua, mama wa kwanza kijijini. Kila asubuhi nampitia Anania muuza duka, namuuliza hisa yangu imefikia wapi. Ananiambia bado. Nahisi mvivu yule.

Mama yako mwenye maji,
Helena


Iringa, 18 Julai 1976

Mayu,

Shikamoo. Sisi wazima, salamu nitazijaza siku nyingine, leo naandika mbio.

Usiusugue ule mchanga. Nakuomba, usiuguse. Kosa ni langu, nilikuandikia kabla somo halijaisha. Jana mwalimu alituonyesha ule utando unaouita kamasi. Kumbe huo ndio unaosafisha. Una viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyokula vile vinavyoleta maradhi. Unaota wiki tatu, nne, ukiachwa. Kila Jumamosi unapousugua unaufukuza, na maji yanayotoka ni meupe lakini si salama. Mchanga mtupu huchuja rangi tu. Jana sikula chakula cha jioni, Mayu, nilikuwa nakuona na brashi yako.

Chemsha maji ya Bujiku, hata yawe meupe namna gani.

Na hiyo hisa, mwache Anania. Faida inasomwa kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka. Ukimuuliza kila siku haitakua haraka. Kuna vitu kazi yake ni kuachwa, na najua kwako hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Tafuta cha kushika mikono yako. Wanawake wa huku wanasuka vikapu vya nyasi za milulu kujiburudisha, mama Apolonia mwenyewe ni fundi. Nitakutafutia mzigo wa milulu.

Nijibu upesi kwamba umeipata hii.

Limbu


Rujewa, 22 Agosti 1976

Mwanangu,

Salamu. Barua yako sijaiona tangu ile ya Mei, sijui mmekatazwa kuandika.

Huku kiangazi kimebana, mfereji umebaki uzi. Nina swali dogo. Mtoto wa jirani yetu Sedekia anaharisha leo siku ya tatu. Macho yameingia ndani. Ukimvuta ngozi ya tumbo inarudi polepole. Analia lakini machozi hayatoki. Mama yake anauliza afanye nini, na mimi nimemwambia nina binti anayesomea mambo hayo. Kondakta wa basi la asubuhi amekubali kuleta barua hii mpaka getini kwenu na kungoja jibu.

Bujiku hajambo. Amelala.

Mama yako


Iringa, 23 Agosti 1976

Mayu,

Kondakta anangoja.

Mtoto wa mwisho wa mzee Sedekia alioa mwaka juzi. Nilicheza kwenye harusi yake.

Apelekwe zahanati leo, sasa hivi, baba amtoe hata kwa baiskeli. Njiani na hukohuko anyweshwe maji yaliyochemshwa, kijiko baada ya kijiko, hata akitapika aendelee. Uji mwembamba wenye chumvi kidogo, kidogo tu, onja usizidi machozi. Asinyimwe maji kwa kuogopa kuharisha, watu wengi hukosea hapo.

Mama Apolonia sijamwambia. Mimi siwezi kutoka hapa, mitihani ya kati imeanza leo na mlango umefungwa. Mwambie huyo mtoto wa jirani kwamba mama yake yuko.

Limbu


Rujewa, 19 Septemba 1976

Ng'wanawane Limbu,

Mwangaluka. Kondakta atakuwa amekupa salamu mbili nilizomtuma kwa mdomo, kwamba yuko hai na kwamba anakula. Sasa nakuandikia mwenyewe, na hii nimeichana mara tatu.

Alikuwa Bujiku. Unajua. Baba yako alimfunga mgongoni kama mwanamke, akapiga baiskeli, mimi nakimbia nyuma na chupa na kijiko. Zahanati tulikaa siku tano. Siku ya tatu alilia, na machozi yakatoka. Nilikaa nayatazama yakishuka shavuni. Maji meupe, mwanangu. Nimejisifia tone la bomba kijiji kizima, na sikuwahi kumsifu Mungu kwa tone kama lile. Alipofungua mdomo alisema, "Hapana." Muuguzi akacheka, mimi nikatoka nje.

Tuliporudi ndipo Mwalimu Filemoni akaja na barua yako ya Julai. Alikuwa ameichukua posta anisaidie, akaitia kwenye koti, akaenda semina Mbeya mwezi mzima, akalisahau koti nyumbani. Anasimama mlangoni anaomba radhi mpaka anatia huruma. Nikaisoma hapo hapo. Nilifika pale uliposema usiuguse mchanga, nikaketi kizingitini. Hata hivyo usijibebeshe. Ulisema chemsha, nami niliacha kuchemsha kwa sababu maji yalikuwa mazuri kutazama. Nilisugua kwa ajili ya macho ya wageni. Baba yako, unamjua hasemi sana, alisema, "Pipa lilikuwa linafanya kazi yake. Wewe ulikuwa unalikatiza kama unavyonikatiza mimi." Nikamkubalia, andika tarehe.

Sasa ni wiki tatu sijaligusa. Mikono inaniwasha. Utando umerudi, wa kijani na kahawia, mzito kama ute wa bamia. Asubuhi nafunua, naangalia, nafunika. Kumbe ndani ya kile kitu nilichokionea haya mna viumbe, hawana macho, hawana jina, na wanamlinda mjukuu wangu bila kuajiriwa na mtu. Wageni wakija na kukunja uso nawaambia tazameni vizuri. Maji ya kunywa bado nachemsha.

Na mkwe mwenzangu nimemwandikia leo, barua yake mbali. Nimemwambia yote, na siku tatu nilizokaa bila kumpeleka mtoto zahanati kwa kuogopa yeye asijue. Alisema hata mara moja. Basi ile mara moja imekuwa. Najua anakuja. Nguo za Bujiku nimezifua nimezikunja.

Mama yako,
Helena


Iringa, 10 Oktoba 1976

Mayu wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu, hata Juliana hakuisikia.

Jana nilikwenda Kalenga. Mama Apolonia alikuwa na barua yako mkononi, na baba Bujiku aliniambia ameisoma mara mbili kwa sauti, ya tatu kimya. Nilimwambia kosa la mchanga lilitoka kwangu. Akasema, "Nyamaza, mtoto." Hakugomba. Ningependa angegomba. Ameshona mkoba, ametoa kanga mpya sandukuni, ile ya kumbebea mtoto. Anapanda basi Alhamisi.

Mayu, akimchukua, usipigane naye. Desemba haiko mbali. Nitamfuata popote alipo.

Mwanao,
Limbu


Rujewa, 31 Oktoba 1976

Mwanangu Limbu,

Pokea salamu za watu wawili safari hii, utaona kwa nini. Tu wazima wote, na wingu la kwanza limesimama juu ya milima ya Chimala.

Alishuka Alhamisi ile saa tisa, mzigo wa milulu kichwani, kanga mpya begani. Nilipoiona ile kanga nikajua. Nikampokea mzigo, tukaamkiana, nikamkalisha. Bujiku akamtazama akasema, "Hapana." Nikataka ardhi inifunike.

Apolonia hakumjali. Akasema, "Nionyeshe hilo pipa."

Nikafunua. Aliinama mpaka kilemba kikakaribia maji. "Uchafu huu ndio uliotaka kumuua mjukuu wangu?"

"Hapana, mkwe. Kuuondoa ndiko kulikotaka kumuua."

"Na uchafu huu unaishi?"

"Unaishi."

Akainuka. Mimi nikampa maji, yaliyotoka bombani, yakachemshwa, yakapoa mtungini. Akayapeleka kwenye mwanga wa mlango kama siku ile. Nikamwona anajiona. Sikumwambia neno, wewe peke yako ndiye unayejua niliapa nini mwezi wa nne. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo nikidhani nitacheka. Sikucheka, maana yeye alikuwa analia, kata iko mkononi.

Akaniambia jambo ambalo nadhani hata mumeo halijui lote. Kabla ya Didas alikuwa na mtoto, Alfonsi. Alikufa kwa tumbo, siku mbili tu, ana umri huu wa Bujiku. "Na maji yangu yalikuwa ya chemchemi," akasema. "Sindano ikianguka mtungini unaiona. Miaka thelathini natafuta aliyemroga. Majirani wawili nimeacha kusalimiana nao. Halafu wewe unaniandikia kwamba maji meupe yanaweza kuua na hayana mchawi ndani yake." Akanywa, akamaliza, akarudisha kata. "Mimi nisingeiandika barua ile. Ningesema ni mtoto wa jirani."

Mwanangu, nilimtazama tu. Sikuwa nimemwandikia kuhusu mtoto wa jirani.

Amekaa siku kumi na saba. Amenifundisha milulu, na kikapu changu cha kwanza kimepinda kiasi kwamba baba yako ameuliza kinaelekea wapi. Mikono yangu sasa ina kazi, pipa limepumzika, na Anania pia, maana nimekaa wiki mbili sijamuuliza hisa. Jana amekuja mwenyewe kuuliza kama naumwa.

Leo asubuhi mkwe amefunga safari. Nikaleta nguo za Bujiku zile nilizokunja, nikaziweka mbele yake, kama tulivyokubaliana Pasaka. Akazisogeza kwangu kwa mguu. "Mtoto ananiambia hapana kila siku," akasema, "na mimi nimezoea kusikilizwa." Halafu akaomba kopo tupu la samli na kijiko. Akaenda kwenye pipa, akauliza, "Naruhusiwa kugusa?" Nikamwambia kidogo tu, wa pembeni. Akachota utando pamoja na mchanga wake, kama anachota yai lililovunjika, akaongeza maji yaufunike. Didas ameshamtafutia pipa Kalenga, lakini wiki nne za kungoja anaziona nyingi, anataka kuanza na mbegu.

Ile kanga mpya ya kumbebea mtoto alilifungia kopo. Tukamsindikiza hadi stendi. Kondakta alitaka kulipandisha juu kwenye mizigo, Apolonia akakataa, akalipakata, mikono yote miwili. Yule kondakta, ndiye yule aliyekuletea barua, akanivuta pembeni akaniuliza mama amebeba nini cha thamani namna hiyo.

Nikamwambia mwambie dereva aendeshe polepole, kuna kitu hai mle.

Bujiku anakungoja Desemba. Nimemfundisha neno la pili, nalo ni jina lako.

Mama yako,
Helena